Anzia Shingoni: Ushauri wa Kutengeneza Vitundikio vya Ukulele na Litungu

Ala ya muziki inayoonekana ndiyo inayopigwa. Ikifungiwa ndani ya begi na kusukumwa chini ya kitanda, siku ya kuitoa huahirishwa mara moja, mara mbili, mwisho nyuzi zinalegea na aliyekuwa anajifunza anasahau hata kile alichokwisha kukijua. Ikitundikwa ukutani, mahali mkono unapoifikia bila kuhangaika, mwenyewe huishika akisubiri chai ichemke, mtoto huiomba, mgeni huiulizia. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kitundikio kizuri cha mbao, na ni kubwa kuliko uzuri wake wa kutazamwa.

Robanda, kijiji kilicho jirani na Lango la Ikoma la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kina karibu kila kitu kinachohitajika kwa kazi hii. Seremala akimaliza mlango au kitanda hubaki na vipande vya mbao ngumu ambavyo mara nyingi huishia jikoni. Ngozi ya ng'ombe na mbuzi ipo. Wasafiri wanapita kwenda na kutoka hifadhini, na ukulele ni ala ambayo msafiri anaweza kuibeba kwa sababu inaingia kwenye mzigo mdogo. Zaidi ya wageni hao wapo wapigaji wetu wenyewe: magitaa ya kwaya za makanisani, na litungu la Wakurya linalosikika wilaya za Tarime na Serengeti. Wote hao wana ala zinazosimamishwa pembeni mwa nyumba zikisubiri kupigwa teke.

Ushauri wangu wote una msingi mmoja. Anzia kwenye shingo ya ala, nenda kwenye ukuta utakaoibeba, kisha chagua mbao. Urembo uje mwisho. Anayeanza na kichwa cha simba au twiga kisha akatafuta pa kuitia ala, hupata pambo zuri linaloangusha ukulele.

Ijue ala kabla ya kushika msumeno

Ukulele ilizaliwa mikononi mwa maseremala. Mwezi Agosti 1879 meli ya Ravenscrag ilifika Honolulu, Hawaii, ikiwa na wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira cha Wareno. Miongoni mwao walikuwa mafundi wa samani watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walikuwa wanafahamu gitaa dogo la kwao, na huko Hawaii wakaanza kutengeneza ala ndogo za namna hiyo kwa mbao za mti wa koa unaoota visiwani humo. Fundi wa Robanda anayechonga kitundikio cha ukulele anaendeleza kazi iliyoanzwa na watu wa ufundi uleule.

Ukulele za siku hizi zina ukubwa wa kawaida wa aina nne. Soprano, ndogo kuliko zote, ina urefu wa karibu sentimita 53. Concert ina karibu 58, tenor 66, na baritone 76. Uzito wake ni mdogo: soprano nyingi hazifiki nusu kilo, na tenor hukaribia robo tatu ya kilo. Gitaa la kawaida lisilo la umeme lina kilo mbili hivi. Kwa hiyo ukulele haielemei mbao wala ukuta. Shida yake ni nyingine: ina shingo nyembamba na kichwa kidogo, na kitundikio kilichokatwa kwa kipimo cha gitaa kitaiachia ipenye na kuanguka.

Pima mambo manne na uyaandike. La kwanza ni upana wa shingo pale inapokutana na kichwa, chini kidogo ya kikalio cha nyuzi. Kwenye ukulele nyingi ni milimita 35 hadi 38. Gitaa la nyuzi za chuma huwa na 43 hivi, na gitaa la nyuzi za nailoni 52. La pili ni upana wa mabega ya kichwa, pale kinapotanuka juu ya shingo, kwa kuwa ndiyo yatakayokalia mbao. La tatu ni kina cha tumbo la ala, kutoka mgongoni hadi usoni, kwa sababu hicho ndicho kinachoamua shingo itakaa umbali gani kutoka ukutani. La nne ni vigingi vya kukazia nyuzi. Kwenye baadhi ya ukulele vigingi hutokea ubavuni kama vya gitaa, na kwenye nyingine hutokea nyuma ya kichwa na kuelekea ukutani. Fundi asiyeliangalia jambo hili la nne hutengeneza kitundikio kinachosukuma vigingi, na kila mara ala inapotundikwa sauti yake inaharibika.

Vipimo vya mdomo na vidole

Kitundikio kina sehemu tatu. Kuna mgongo, yaani kibao kinacholala ukutani. Kuna vidole viwili vinavyochomoza mbele. Na kuna mdomo, nafasi iliyo kati ya vidole, ambamo shingo inapita.

Mdomo uwe mpana kuliko shingo kwa milimita tatu hadi tano, ukipimwa baada ya ngozi kubandikwa. Kwa ukulele yenye shingo ya milimita 35, nafasi iliyo wazi iwe milimita 39 au 40. Ikiwa ngozi yako ina unene wa milimita mbili kila upande, kata mbao kwa milimita 44. Kisha hakikisha mabega ya kichwa yanakalia vidole kwa milimita tano au zaidi kila upande. Ikiwa kichwa ni chembamba kiasi kwamba mabega hayafiki kipimo hicho, punguza mdomo, usitegemee bahati.

Kuhusu umbali kutoka ukutani, sehemu ya ndani ya mdomo iwe kama sentimita nne na nusu mbele ya ukuta, na ncha za vidole zifike sentimita kumi. Hapo tumbo la ukulele linaegemea ukuta taratibu na vigingi vya nyuma vina nafasi ya kupumua. Usiupandishe mgongo wa kitundikio nyuma kabisa ya kichwa cha ala kama huna uhakika na vigingi. Kwa ukulele yenye tumbo nene ongeza sentimita moja.

Vidole visilale sawasawa na sakafu. Viinue kwa nyuzi kumi hivi za pembe, au acha ncha zake ziwe na kituta kidogo cha sentimita moja kwenda juu. Mtu akipita na kuipiga kikumbo, ala itarudi ndani badala ya kuteleza nje. Kingo zote zinazogusa shingo zizungushwe kwa tupa na msasa, kwa maana kona kali ya mbao ngumu huacha alama kwenye shingo hata chini ya ngozi.

Kabla ya kukata mbao nzuri, chora umbo kwenye boksi la karatasi ngumu, likate, uliweke kwenye shingo ya ala yenyewe. Kielelezo hicho kinakuonyesha makosa yote ya kipimo bila kupoteza ubao. Ukishakisahihisha, kitunze na uandike juu yake jina la ala. Baada ya muda utakuwa na vielelezo vya soprano, tenor, gitaa la nailoni na gitaa la chuma, na mteja akifika hutahitaji kuanza upya.

Maumbo matatu yanayofaa

Umbo la kwanza ni la panda. Tafuta tawi lililogawanyika mara mbili, lenye unene wa kidole gumba au zaidi kidogo, kwenye mti unaopogolewa hata hivyo: mpera, mchungwa, mwembe. Watoto wetu wanajua kwamba panda ya mpera ndiyo inayotengeneza manati imara, na sababu ni kwamba nyuzinyuzi za mti zinafuata mgawanyiko wenyewe. Hakuna mahali zilipokatwa. Panda hiyo ikimenywa gome, ikakaushwa kivulini na kuingizwa kwenye kibao cha mgongo, inatoa kitundikio chenye nguvu kuliko chochote kilichokatwa kwa msumeno. Pia hakuna panda mbili zinazofanana, na mnunuzi anapenda kujua kwamba chake ni cha pekee.

Umbo la pili ni la ubao uliokatwa mdomo. Chukua kipande cha upana wa sentimita tisa, urefu wa sentimita 12 na unene wa sentimita mbili na nusu, ukate mdomo upande mmoja, upande wa pili uuache na ulimi wa kuingia kwenye mgongo. Hapa kuna kanuni ambayo haina msamaha: nyuzinyuzi za mbao zitoke ukutani kwenda kwenye ncha za vidole. Zikilala kwa kukingama, kila kidole kitakuwa kipande kifupi kinachoweza kupasuka kama kuni iliyopigwa shoka, tena siku ambayo mtoto amejining'iniza. Tazama ubao kabla hujachora, na ugeuze mchoro ufuate mbao.

Umbo la tatu ni la vijiti viwili vya mviringo vilivyochomekwa kwenye mgongo mmoja. Ndilo jepesi kulitengeneza kwa wingi. Kijiti kiwe na kipenyo cha milimita 12 hadi 15, kiingie kwenye mgongo kwa kina cha sentimita mbili, na tundu litobolewe kwa mwinamo ili vijiti vielekee juu kidogo. Kwa sababu vijiti ni vya mviringo, vivishe ngozi iliyoshonwa kama mfuko mdogo, isije ikazunguka. Mgongo uwe na unene wa angalau sentimita mbili na nusu, vinginevyo tundu litakosa nyama ya kushika kijiti.

Mgongo wa maumbo yote uwe na urefu wa sentimita 14 na upana wa sentimita nane, au zaidi. Urefu huo una kazi yake. Uzito wa ala ukining'inia mbele ya ukuta huusukuma ubao chini na wakati huohuo huvuta skrubu ya juu kuelekea nje. Kadiri mgongo unavyokuwa mrefu kwenda juu na chini, ndivyo mvuto huo unavyopungua. Kibao kifupi cha sentimita tano kinachoonekana nadhifu dukani ndicho kinachong'oka ukutani.

Kuhusu kiungo kati ya mdomo na mgongo, usitegemee skrubu mbili zilizopigwa kutoka nyuma peke yake. Skrubu hizo huingia kwenye ncha ya ubao, na ncha ya ubao haishiki skrubu vizuri. Toboa tundu la mraba kwenye mgongo, pitisha ulimi, tia gundi ya mbao, kisha pigilia kabari nyembamba kwa nyuma. Ni kazi ya patasi ya muda mfupi, na ni kiungo kilekile kinachobeba viti vyetu vya zamani miaka na miaka.

Mbao gani?

Mninga unafaa sana: haupindi ovyo, unachongeka, na rangi yake nyekundu ya kahawia haihitaji kupakwa chochote cha kuificha. Mtiki na mvule nayo ni mizuri. Mkongo ni mgumu na mzito, mzuri kwa vidole. Mgrevilea, unaopandwa mashambani katika sehemu nyingi za nchi, una michoro ya kuvutia ukipasuliwa vizuri, na bei yake ni nafuu kwa anayejifunza. Paini ya Mafinga inafaa kwa ukulele na kwa kufanyia majaribio, ila kwa gitaa ongeza unene wa vidole. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ni mgumu kwa patasi. Utumie kwa vijiti, vizibo vya skrubu na mapambo madogo, usiupoteze kwa kibao cha mgongo.

Ukavu wa mbao una uzito kuliko jina lake. Ubao mbichi ukichongwa leo utasinyaa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, na mdomo uliopimwa kwa milimita utabadilika. Njia rahisi ya kujua ni mizani ya dukani. Pima kipande, andika uzito juu yake kwa penseli, kiweke kivulini penye hewa, ukipime tena kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ubao umekauka kwa mahali hapo. Ikiwa bado unashuka, subiri.

Fahamu pia mbao imetoka wapi. Usafirishaji wa mazao ya misitu unasimamiwa chini ya Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002, na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ndio wanaotoa vibali. Nunua kwa muuzaji mwenye risiti, au tumia mabaki ya seremala unayemjua. Robanda ni miongoni mwa vijiji vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, na jina la kazi yako litachafuka haraka likihusishwa na mti uliokatwa kwa kificho. Mteja akiuliza, uwe na jibu la kweli.

Ngozi, mafuta na vanishi

Wengi hubandika sponji au kipande cha mpira wa tairi ndani ya mdomo. Epuka vyote viwili. Mpira na baadhi ya sponji hutoa kemikali zinazolainisha vanishi ya ala, hasa ile ya nitroselulosi inayopakwa kwenye ala za gharama, na baada ya miezi shingo inakuwa na baka linalonata. Ngozi laini iliyotiwa dawa na kukaushwa vizuri ndiyo bora. Ngozi mbichi iliyokauka haifai, kwa sababu huwa ngumu kama ubao, hubaki na harufu na huvutia wadudu. Kitambaa kinene cha sufu, kama cha kofia nzito, kinafaa ikiwa ngozi haipatikani.

Bandika ngozi kwa gundi ya mbao au gundi ya viatu, upande wa nyama ukilala kwenye mbao na upande wa manyoya uliosuguliwa ukigusa shingo. Funika sehemu ya juu ya vidole pia, kwa kuwa huko ndiko mabega ya kichwa yanakalia. Kwa mgongo wa ala, weka kipande kidogo cha ngozi mahali tumbo la ala litakapogusa ukuta, ili chokaa isikwaruze ala na ala isichafue chokaa.

Kwa kumalizia mbao, piga msasa namba 120, kisha 180, kisha 240, ukifuata nyuzinyuzi. Chaguo langu ni mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yakifuatiwa na nta ya nyuki. Paka mafuta kidogo, acha yaingie kwa robo saa, futa yote yaliyobaki juu, rudia siku ya pili na ya tatu. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vitandaze nje vikauke au vitie majini, kwa sababu vikikunjwa na kurundikwa vinaweza kushika moto vyenyewe. Ukitumia vanishi, kiache kitundikio wiki mbili kabla ala haijakigusa. Vanishi inayoonekana kavu kwa mkono bado inaweza kushikana na vanishi ya ukulele.

Ukuta ndio mshirika wako

Kitundikio imara kwenye ukuta dhaifu ni ala iliyoanguka. Kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, toboa kwenye tofali lenyewe, usitoboe kwenye mshono, hasa pale mshono ulipojengwa kwa udongo. Tundu liwe la milimita nane, kina cha sentimita sita, ukihesabu kuanzia tofali linapoanza, si kuanzia plasta. Tia plagi ya ukutani, kisha skrubu ya sentimita sita au saba. Matofali ya saruji yenye matundu yanahitaji plagi ndefu zaidi au tundu lijazwe saruji na kuachwa likauke kwanza.

Nyumba ya miti na udongo nayo inaweza kubeba ala bila wasiwasi, ila fundi atafute nguzo. Gonga ukuta kwa kiungo cha kidole, sikiliza pale sauti inapokuwa nzito, hakikisha kwa msumari mwembamba. Ikiwa nguzo haipo mahali unapotaka, funga ubao mrefu unaovuka kutoka nguzo moja hadi nyingine, kisha kitundikio kikae juu ya ubao huo. Katika kambi za mahema ambako wageni hulala, ukuta wa turubai haubebi kitu. Huko tengeneza kitundikio chenye mikanda miwili ya ngozi inayofungwa kwenye nguzo ya hema, bila msumari wala skrubu. Kinaweza kuhamishwa kambi inapohamishwa.

Jaribu kabla ya kukabidhi. Kidumu cha maji cha lita tano kikijaa kina kilo tano na zaidi kidogo, yaani mara kumi ya soprano. Kining'inize kwa kamba kwenye vidole usiku kucha. Kwa kitundikio cha gitaa tumia dumu la lita 20. Asubuhi angalia skrubu ya juu, kiungo cha ulimi na mizizi ya vidole. Kama kuna ufa hata wa nywele, kitu hicho kisitoke karakanani.

Uchague ukuta usiopigwa na jua la mchana, mbali na dirisha, mbali na jiko, na usiwe karibu sana na bati lisilo na dari. Ala za mbao hupendelea hewa yenye unyevu wa kadiri, asilimia 45 hadi 55. Kiangazi unyevu unaweza kushuka chini ya hapo, na mbao za ala hukauka na kupasuka. Ukiwa na ukulele ya mbao halisi, kiangazi kikikolea irudishe kwenye kasha lake usiku pamoja na kitambaa chenye unyevu ndani ya kopo lenye matundu, na uitundike mchana unapoitumia. Ukulele ya mbao za tabaka inavumilia zaidi na inaweza kukaa ukutani mwaka mzima.

Urefu wa mita moja na nusu hadi mita moja na sentimita sitini kutoka sakafuni unamtosha mtu mzima. Kwa shule au chumba cha watoto, shusha hadi mita moja na sentimita ishirini, ili mtoto achukue ala kwa mikono miwili bila kupanda kiti. Ala nyingi huvunjika zikichukuliwa kwa mkono mmoja kutoka juu.

Litungu lina mahitaji yake

Haitoshi kutengeneza vitundikio vya ala za wageni na kuliacha litungu kwenye kona. Lakini usilitundike litungu kwa kitundikio cha ukulele. Litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane, halina shingo. Lina tumbo lililowambwa ngozi, mikono miwili inayopanda, na mti wa juu unaolala kati ya mikono hiyo, ambako nyuzi zimefungwa. Nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wagusii zina umbo la ukoo huohuo. Ukilining'iniza litungu kwa mti wa juu, uzito wote wa tumbo utavuta sehemu ileile inayoshikilia sauti, na nyuzi zitapoteza tuni.

Kwa hiyo uzito ubebwe chini. Tengeneza kirafu chenye umbo la tumbo la litungu, kina cha kutosha kulibeba, chenye ukingo wa mbele wa sentimita tatu na ngozi ndani yake. Juu weka vidole viwili vifupi vinavyoshika mikono kwa ndani, chini ya mti wa juu na mbali na nyuzi, kazi yake ikiwa kuzuia litungu lisianguke mbele tu. Ongeza mkanda wa ngozi wa kufunga ikiwa nyumba ina watoto au paka. Skrubu za kirafu ziwe nne, si mbili. Uso wa ngozi utazame nje, na nyuma ya tumbo kuwe na upenyo wa sentimita mbili wa hewa, kwa kuwa ngozi iliyobanwa kwenye ukuta wenye unyevu wakati wa masika huota ukungu.

Zeze ni jepesi, na fimbo yake inaweza kupita kwenye mdomo mwembamba wa milimita 30 au chini yake, kulingana na fimbo. Upatie upinde wake kidole chake pembeni, usining'inizwe kwenye uzi wa zeze.

Urembo, na mipaka yake

Sasa unaweza kuchonga. Kichwa cha ng'ombe mwenye pembe ndicho umbo linalofaa zaidi kwa kazi hii katika nchi ya wafugaji, kwa kuwa pembe mbili zenyewe ni vidole. Ila pembe zilizopinda zikichongwa kwenye ubao mnyoofu, nyuzinyuzi hukatika pale kwenye mpindo. Zitoe kwenye panda, au zifanye fupi na nene. Mbuyu, mgunga wenye kichwa bapa na umbo la litungu lenyewe vinapendeza vikichorwa kwenye mgongo, ambako havibebi uzito.

Usitumie pembe, ngozi wala mfupa wa mnyamapori hata kama umeuokota. Nyara hizo ziko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mtalii atakayekamatwa nazo uwanja wa ndege atataja alikozinunua. Kwa Waikoma, wenyeji wa eneo hili, kuna sababu nyingine ya heshima: pembe za tembo ziitwazo Machaba ni kitu cha mila na ibada, na hazistahili kugeuzwa pambo la kutundikia gitaa la mtu. Waulize wazee kabla ya kuchonga chochote kinachofanana nazo.

Ukitaka kuuza

Msafiri ananunua kitu kinachoingia kwenye begi. Tengeneza ulimi unaoingia bila gundi na kushikwa kwa kabari au skrubu moja, ili mgongo na vidole vilale pamoja. Toa gome lote na usitumie mbao yenye matundu ya wadudu, kwa sababu nchi kama Australia na New Zealand hukagua vitu vya mbao mpakani na huweza kuvizuia. Kwa mpingo, fahamu kwamba jamii nzima ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmojawapo, iliwekwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa wa mkataba wa CITES kuanzia Januari 2017. Vitu vidogo vilivyokamilika vimepewa nafuu, ila anayetuma mzigo nje ya nchi aulize TFS kwanza.

Ndani ya kifurushi weka skrubu mbili, plagi mbili na kikaratasi chenye jina la mti, jina la fundi, aina ya ala inayofaa na uzito wa mwisho ambao kitundikio kinaweza kubeba. Usiandike kwamba kitundikio cha ukulele kinafaa kwa gitaa. Bei uihesabu kwa mbao, ngozi, skrubu, mafuta na saa zako kwa ujira wa fundi wa siku, kisha ongeza cha kutunza zana. Anayeuza kwa bei ya kuni kwa sababu mbao ilikuwa mabaki anajinyima ujira wake, na anawashushia bei mafundi wenzake wote.

Wala usiwasubiri watalii peke yao. Nenda kanisani, uliza magitaa ya kwaya yanakaa wapi. Nenda shuleni, uliza kama kuna ngoma, zeze au litungu kwenye stoo. Hao ndio wateja watakaorudi, na watakaokuambia baada ya mwaka kama kazi yako imesimama.

Fundi unayesoma haya, chukua mabaki ya mninga yaliyo miguuni pako, kata kielelezo cha boksi, pima shingo ya ala moja iliyo karibu nawe. Na wewe mwenye litungu la baba au la babu, litoe huko lilikofichwa, mpelekee fundi alipime. Vijana wa mkoa wa Mara watajifunza kupiga ala wanazoziona kila siku nyumbani mwao.